Nilikwenda Versailles kuona bustani, nikamkuta Mkwawa

Ukimwambia Mbongo yeyote kwamba ulikuwa Paris, swali la kwanza ni lile lile: "Umepiga picha kwenye ule mnara?" Ndiyo, nimepiga. Ipo kwenye simu, na haina tofauti na picha za watu wengine wote waliosimama pale pale wakatabasamu vile vile. Kwa hiyo leo mnara tuuache. Nataka tuzungumze kuhusu Versailles, lile kasri la wafalme wa Ufaransa lililo kilomita 20 hivi kutoka katikati ya Paris. Nina sababu. Ndani ya kasri lile kuna chumba kimoja kinachotuhusu mimi na wewe kuliko tunavyodhani.

Nilikuwa Paris kwa mafunzo mafupi ya waandishi wa habari. Siku za kazi tulikuwa darasani tangu asubuhi hadi jioni, lakini Jumamosi ilikuwa yetu. Mwenzangu mmoja, mtangazaji wa redio kutoka Bujumbura, akaniambia, "Dada, hatuwezi kurudi nyumbani bila kufika Versailles. Watatuuliza tulikuwa tunafanya nini huku." Kifaransa changu kinaishia kwenye kusalimia na kushukuru. Chake kinatiririka. Kiswahili chake nacho ni kile cha Buyenzi, kitamu, ukikisikiliza kwa mbali unadhani uko Ujiji. Nikamwambia, "Twende kaka, wewe utakuwa mdomo wangu."

Tukapanda treni ya RER C, tukashuka kituo cha mwisho, tukafuata umati. Pale huhitaji kuuliza njia. Unafuata kofia, miavuli na makundi ya watalii, na ghafla barabara inafunguka, unaliona. Jamani! Mimi nimekulia Iringa na kazi nafanya Dar, maghorofa nimeyaona. Lakini jengo hili halikwenda juu, limelala. Linakwenda kushoto mpaka macho yanachoka, linakwenda kulia mpaka macho yanachoka. Vyumba vyake ni kama 2,300. Mbele kuna lango linalong'aa dhahabu, na hilo ni jipya, liliwekwa mwaka 2008 kwa kuiga lile la zamani lililoondolewa wakati wa mapinduzi.

Historia yake kwa kifupi ni hii. Mwaka 1623 Mfalme Louis XIII alijenga pale nyumba ya kufikia anapokwenda kuwinda. Palikuwa ni pori na vinamasi tu. Mwanawe, Louis XIV, alirithi ufalme mwaka 1643 akiwa hajatimiza miaka mitano. Akiwa bado mtoto, Paris ikaasi, na mwaka 1649 ikabidi atoroshwe mjini usiku yeye na mama yake. Hakusahau. Alipokua akaanza kuipanua ile nyumba ya baba yake, akaipanua tena na tena, na tarehe 6 Mei 1682 akahamia huko moja kwa moja pamoja na serikali yake yote.

Hapo ndipo ulipo ujanja wake. Wakubwa wa nchi ile, wenye ardhi, ngome na watu wa kupigana huko mikoani kwao, sasa ilibidi waje kukaa karibu na mfalme kama wanataka cheo au posho. Na mfalme akawatafutia kazi. Kuamka kwake asubuhi kulikuwa ni sherehe yenye utaratibu wake: nani anaingia kwanza, nani anasubiri mlangoni, nani anampa shati. Usiku, kabla hajalala, alichaguliwa mtu mmoja wa kumshikia mshumaa, na mtu huyo aliondoka pale akijiona amepata. Fikiria! Mtu ambaye babu yake alipeleka majeshi vitani, yeye anagombea kushika mshumaa.

Nilicheka sana kaka aliponitafsiria hayo. Halafu nikaacha kucheka. Wewe mwandishi mwenzangu unajua ninachokisema. Unajua watu wanavyosukumana kuingia kwenye msafara wa mkubwa. Unajua mheshimiwa akimwita mwandishi kwa jina lake mbele ya wenzake, akamuuliza na habari za watoto, mwandishi huyo wiki nzima hana swali gumu. Hakuna bahasha iliyotoka. Ameshikishwa mshumaa tu.

Kitu kingine kilichonishangaza: watu wa kawaida nao waliruhusiwa kuingia kwenye kasri, wakatembea kumbini, hata wakamtazama mfalme akila chakula chake. Sharti ni kuvaa kwa heshima. Mwanaume awe na kofia na upanga kiunoni, na asiye navyo alikodi pale pale getini. Nikawaza wale wanaokodi suti Kariakoo kwa ajili ya harusi ya jioni moja. Binadamu ni wale wale.

Tiketi zetu za kuingia ndani zilikuwa za saa tisa alasiri, kwa hiyo tukaanza na bustani.

Ukisimama kwenye ngazi za nyuma ya kasri, unaona kitu ambacho picha haiwezi kukuonyesha vizuri. Dunia imenyooshwa. Njia inashuka mbele yako, inapita kwenye bwawa lenye sanamu, inapita kati ya kuta mbili za miti, inafika kwenye bwawa jingine ambalo farasi wa dhahabu wanatoka majini na gari la mungu Apollo, kisha unaanza mfereji mkubwa wenye urefu wa mita 1,670, unakwenda mpaka unaungana na mbingu. Aliyepanga haya ni André Le Nôtre, mtoto wa mtunza bustani, aliyeanza kazi hiyo miaka ya 1660. Mfereji peke yake ulichimbwa kwa miaka 11, kuanzia 1668. Miti imekatwa kama kwa rula. Hakuna tawi linalojiamulia kwenda litakako.

Nikamwambia kaka, bibi yangu angeiona bustani hii angeuliza mahindi yako wapi.

Jumamosi hiyo chemchemi zilikuwa zimefunguliwa. Muziki wa enzi za wafalme ulikuwa unapigwa, maji yanaruka juu, yanashuka, yanaruka tena, watoto wanapiga kelele za furaha. Nami nilisimama mdomo wazi. Sitaki kujifanya sikupendezwa. Ni mahali pazuri mno.

Lakini Versailles haina mto. Hapo ndipo kilipokuwa kichwa cha maumivu cha Louis XIV. Alitaka chemchemi nyingi kuliko mfalme mwingine yeyote, na maji hayakuwepo. Mafundi wakachimba mabwawa, wakatandaza mabomba, na mwaka 1684 wakamaliza mtambo wenye magurudumu makubwa 14 yaliyozungushwa na mto Seine ili kupandisha maji mlimani. Bado hayakutosha kufungua chemchemi zote kwa pamoja. Wakafanyaje? Watunza bustani walipewa filimbi. Mfalme akitokea na wageni wake, anayemwona kwanza anapuliza, mwenzake anafungua maji. Mfalme akishapita, yanafungwa. Yeye popote alipokwenda aliona maji yanaruka.

Ndugu msomaji, nilipoelezwa hilo nilijiona niko nyumbani kabisa. Si ndivyo ilivyo kwetu mgeni mkubwa anapokuja mkoani? Mashimo ya barabarani yanazibwa usiku. Mawe ya pembeni yanapakwa chokaa. Bomba la zahanati lililokauka tangu mwaka juzi siku hiyo linatoa maji, na mheshimiwa anafungua koki, anapigwa picha, anaondoka ameridhika. Msafara ukishapinda kona, filimbi inapulizwa, maji yanakatika. Mpaka siku hiyo nilidhani tabia hiyo tumeigundua sisi.

Maji hayo yaliua watu pia. Mwaka 1685 mfalme aliamuru mto Eure, ulio mbali sana na pale, uvutwe hadi Versailles kwa mfereji na daraja kubwa la kupitishia maji. Waliopelekwa kuchimba walikuwa maelfu ya wanajeshi. Wakachimba kwenye vinamasi, wakafa kwa homa. Vita vilipoanza mwaka 1688 kazi ikasimama, na haikumalizika hadi leo. Magofu ya daraja lile bado yako Maintenon. Na hata kabla ya hapo, mwaka 1678, mwanamke mmoja wa tabaka la juu, Madame de Sévigné, aliandika katika barua kwamba vibarua waliokuwa wakijenga kasri walikuwa wakifa kwa wingi na maiti zao zikiondolewa usiku kwa mikokoteni. Usiku, ili mchana usiharibike.

Tukapita kwenye bustani ya michungwa. Iko zaidi ya miti 1,000 ya michungwa, milimau na mingineyo, kila mmoja kwenye sanduku lake, kwa sababu baridi ikija lazima yote iingizwe ndani. Mchungwa mmoja unabebwa kama mgonjwa! Kule Muheza, msimu ukichanganya, machungwa yanarundikwa barabarani hadi mnunuzi anachagua kama anakufanyia hisani. Kumbe kinachofanya kitu kiwe cha kifalme si kitu chenyewe, ni gharama ya kukilazimisha kikae pasipo pake.

Kisha tukatembea, tena tukatembea sana, mpaka kwenye kijiji cha Marie Antoinette. Ndiyo, kijiji. Malkia huyu, mke wa Louis XVI, alichoshwa na kasri na wapambe wake, akajengewa kijiji chake kati ya 1783 na 1786. Kuna ziwa dogo, kuna nyumba za kuezekwa kwa nyasi, kuna shamba lenye mifugo. Nje zinaonekana nyumba za mkulima maskini, ndani zilikuwa na samani za mtu tajiri. Na ili zionekane za zamani, mafundi walichora nyufa ukutani. Walizichora kwa rangi!

Hapo nilikaa kimya. Nyumba ya bibi yangu mzaa mama, kule kijijini Iringa, ina ufa wa kweli unaoanzia dirishani hadi chini. Tumeuziba kwa udongo, unafunguka. Tumeuziba kwa simenti, unafunguka. Na hapa palikuwa na mtu aliyelipa pesa ili achorewe ufa.

Watu humsingizia Marie Antoinette kwamba alipoambiwa wananchi hawana mkate alijibu wale keki. Hakuna ushahidi kwamba aliwahi kusema hivyo, na hadithi yenyewe ilikuwa imeshaandikwa na Rousseau kabla binti huyo hajafika Ufaransa. Mimi naona hakuwa na haja ya kusema. Kile kijiji kinatosha.

Tukakaa kwenye nyasi kando ya lile ziwa, tukala mikate yetu. Hapo nikamsimulia kaka habari za Kilwa, maana siku nyingine nilishaandika makala kuhusu magofu yale. Tarehe 14 Septemba 1776, miaka michache tu kabla malkia hajajengewa kijiji, mfanyabiashara Mfaransa aliyeitwa Jean-Vincent Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa. Apewe watumwa 1,000 kila mwaka, kwa piasta 20 kila mmoja, na juu yake sultani mwenyewe apate zawadi ya piasta mbili kwa kila kichwa. Watu hao walikuwa wa kupelekwa kwenye mashamba ya visiwa vya Wafaransa, kisiwa kile ambacho leo ni Mauritius. Na sheria iliyowahesabu watumwa wa makoloni ya Ufaransa kuwa mali inayohamishika, kama samani, ilitolewa hapa hapa Versailles, Machi 1685, na Louis XIV. Ilianzia kwa watumwa wa Karibi, na mwaka 1723 wakatungiwa inayofanana nayo watu wa visiwa vya Bahari ya Hindi.

Kaka akauliza, "Na huyo sultani alikuwa wenu?" Nikamwambia alikuwa wetu. Akatikisa kichwa. "Kwa hiyo na yeye alishikishwa mshumaa." Sikuwa na la kuongeza.

Saa tisa tukaingia ndani. Sitawachosha na vyumba. Kila chumba dari imechorwa, kila mlango una dhahabu, kila ukuta una Louis. Louis juu ya farasi, Louis na mawingu, Louis anashinda vita. Watu wanasukumana wakiwa wameinua simu, kwa hiyo wengi tuliiona Versailles kupitia simu ya mtu wa mbele yetu. Mwongozaji mmoja wa watalii alikuwa akiwasimulia watu wake habari za tarehe 5 Oktoba 1789, siku ambayo wanawake wa masokoni Paris walitembea kwa miguu hadi hapa, mvua ikinyesha, kudai mkate. Kesho yake mfalme na familia yake wakachukuliwa kurudishwa Paris. Hawakurudi tena. Mfalme alikatwa kichwa Januari 1793, malkia Oktoba ya mwaka huo huo. Mama lishe na wauza samaki ndio waliolifunga kasri hili, si majenerali.

Halafu tukaingia kwenye Ukumbi wa Vioo.

Urefu wake ni mita 73. Upande mmoja madirisha 17 yanatazama bustani, upande wa pili kuna matao 17 yaliyojaa vioo, jumla vioo 357. Ulijengwa kati ya 1678 na 1684, wakati ambao kioo kikubwa kilikuwa kitu cha anasa kupindukia. Dari imechorwa na Charles Le Brun, na iliyojaa humo ni sifa za Louis XIV tangu aliposhika mwenyewe hatamu za utawala. Jua la alasiri lilikuwa linaingia madirishani, linapiga kwenye vioo, linarudi, ukumbi wote unakuwa kama uko ndani ya asali.

Kwenye ukumbi huu, tarehe 18 Januari 1871, Wajerumani walipoishinda Ufaransa walikuja kutangaza dola yao mpya, ili kuwadhalilisha Wafaransa nyumbani kwao. Wafaransa wakasubiri. Tarehe 28 Juni 1919, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wakawaita Wajerumani kwenye ukumbi huo huo waje kutia saini kushindwa kwao. Waliotia saini kwa Ujerumani walikuwa wawili, Hermann Müller na Johannes Bell. Huyu Bell alikuwa waziri wa makoloni. Yaani mtu aliyekuwa na dhamana ya makoloni ndiye aliyeshika kalamu ya kuyatoa.

Na koloni moja lilikuwa sisi.

Kifungu cha 119 cha mkataba ule kinasema Ujerumani inaachia haki zake zote juu ya nchi zake za ng'ambo, na kuzikabidhi kwa mataifa makubwa yaliyoshinda. Mstari mmoja tu. Ndani ya mstari huo kuna Wanyamwezi, Wasukuma, Wachaga, Wazaramo, Wahehe, Warundi, Wanyarwanda, na maelfu kwa maelfu ya wapagazi waliokufa kwa njaa na maradhi wakibeba risasi za wazungu wa pande zote mbili. Wakubwa wakagawana. Sehemu kubwa ikaenda kwa Mwingereza, akaipa jina la Tanganyika. Ruanda na Urundi zikaenda kwa Mbelgiji. Kipande kidogo cha Kionga, kusini ya mto Ruvuma, akapewa Mreno. Waafrika weusi waliokuwa na kiti kwenye mkataba ule ni Waliberia. Sisi tuliokuwa tunagawanywa hatukuwa na mtu.

Kaka alikuwa amesimama pembeni yangu, sote tukiwa ndani ya kioo kimoja. Nikamwambia, "Hapa ndipo tulipotenganishwa mimi na wewe." Akaniangalia kwenye kioo. "Mpaka siku ile bibi zetu walikuwa koloni moja," akasema. "Sasa mimi niko huku na Kifaransa, wewe huko na Kiingereza. Bahati Kiswahili hawakukigawa."

Sasa nifike kwenye sababu ya kuandika haya yote.

Mkataba wa Versailles una vifungu 440. Ukitafuta ndani yake jina la mtu mmoja wa kwetu, utalikuta mahali pamoja, kifungu cha 246. Kifungu hicho kinaiagiza Ujerumani kuikabidhi serikali ya Mfalme wa Uingereza, ndani ya miezi sita, fuvu la Sultani Mkwawa lililochukuliwa Afrika Mashariki na kupelekwa Ujerumani. Soma tena. Watu wa nchi nzima hawana jina, mwenye jina ni mmoja, naye ametajwa kama mzigo wa kupokelewa. Na mpokeaji si ukoo wake, si Wahehe. Ni mfalme mwingine wa Ulaya.

Mkwawa sina haja ya kumtambulisha. Mnajua Lugalo, Agosti 1891, alivyolimaliza jeshi la Zelewski. Mnajua ngome yake ya Kalenga ilivyoangushwa mwaka 1894, na miaka aliyohangaika porini, mpaka Julai 1898 alipojipiga risasi ili asikamatwe. Wajerumani wakakata kichwa wakaondoka nacho.

Miezi sita ya Versailles iligeuka miaka 35. Gavana Edward Twining alikwenda kulitafuta fuvu Bremen, na tarehe 19 Juni 1954 akalikabidhi Kalenga kwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, yule ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu. Bibi yangu alikuwepo siku hiyo. Alikuwa binti wa miaka kumi, ameshikwa mkono na baba yake. Tangu nikiwa mdogo amenisimulia siku hiyo, na kila mara anasema hakuona kitu. Aliona migongo ya watu. Anachokumbuka ni ukimya, halafu sauti za wazee wanaume wakilia, kitu ambacho hakuwahi kukisikia.

Nikiwa pale ukumbini nikampigia simu. Watu wananipita huku na huku, mimi nimeziba sikio moja. Nikamwambia, "Shikamoo bibi, niko kwenye nyumba ya wafalme wa Ufaransa, kwenye chumba walichoandikia kwamba kichwa cha Mtwa kirudishwe."

"Marahaba. Walimwandika kwa jina?"

"Kwa jina, bibi."

"Na baba yangu?"

Sikuelewa. Nikamuuliza baba yake kafanyaje.

"Baba yangu alibeba mizigo kwenye vita ile. Alikuwa kijana mdogo. Waliondoka kumi na mmoja kijijini, wakarudi watatu. Wamewaandika?"

Nikamwambia hapana, hawajaandikwa.

"Haya," akasema. "Nyumba yenyewe nzuri?"

"Nzuri sana, bibi."

"Haya. Usichelewe kurudi, kuna baridi huko."

Nimeishi na bibi huyu miaka yangu yote na sikuwahi kusikia habari za wale kumi na mmoja. Nilizisikia kwa mara ya kwanza nikiwa Versailles, kwa sababu chumba kile kilimpa bibi sababu ya kuuliza.

Kwenye treni kaka aliniuliza kama fuvu lililoko Kalenga ni la Mkwawa kweli. Ni swali la haki. Twining alikuta mafuvu mengi Bremen, akachagua kwa kupima na kulinganisha na vichwa vya ndugu wa ukoo, na wapo wanahistoria ambao hawajaridhika. Niliwahi kumuuliza bibi swali hilo hilo. Alinijibu, "Kiwe chake, kisiwe chake, kilikuwa cha mtu wa kwetu aliyekatwa kichwa. Kimerudi."

Sasa msinielewe vibaya. Sisemi msiende Versailles. Nendeni. Mkipata nafasi, muende Jumamosi chemchemi zinapofunguliwa, na mvae viatu vya kutembelea. Ni mahali pazuri na uzuri wake si uongo. Ninachosema ni kwamba uzuri ule ulikuwa na watu nyuma yake ambao kazi yao ilikuwa kutoonekana: mwenye filimbi nyuma ya mti, kibarua kwenye mkokoteni wa usiku, mtu wa Kilwa kwenye shamba la kisiwani, mpagazi wa Uhehe ndani ya kifungu cha 119. Kasri linajua kuonyesha. Kuuliza ni kazi yetu, hasa sisi tunaolipwa mshahara wa kuuliza.

Nimeanza kuyaandika majina ya wale kumi na mmoja. Bibi anakumbuka saba. Mwezi ujao nitakwenda kijijini kukaa na wazee wengine waliobaki, tuone kama tutafikia kumi na mmoja. Nawe kama nyumbani kwenu yupo bibi au babu ambaye baba yake alibeba mizigo kwenye vita ile, muulize leo, usingoje upate safari ya Ulaya.

Na ukipita Iringa kuelekea mbuga ya Ruaha, kilomita kama 15 kutoka mjini utaona kibao cha Kalenga. Mwambie dereva asimame. Ni nyumba ndogo ya makumbusho, haina lango la dhahabu wala foleni. Ndani kuna fuvu kwenye sanduku la kioo.

Kioo kimoja kinatosha. Tutaendelea kuongea.